Kebari: ndoano ya manyoya ya Japani, yenye wavuvi wanafunga kwa mukono na kubadilishana

Mutoto wa kando ya Ruzizi ao wa pembeni ya ziwa Kivu anajua kuloba na fimbo. Anakata mwanzi, anafunga uzi kwenye ncha, anaweka ndoano na nyungunyungu, kazi imekwisha. Hakuna mashine ya kuzungushia uzi. Katika milima ya Japani watu wazima waliloba vilevile kwa vizazi vingi, na kuna wenye waliishi kwa kazi hiyo. Tofauti kubwa iko kwenye ndoano: mahali pa nyungunyungu kuna uzi uliozungushwa na nyoya moja la ndege. Kitu hicho kinaitwa kebari.

Neno ni la Kijapani. "Ke" ni manyoya ao nywele, "hari" ni ndoano ao sindano, na maneno hayo mawili yakiungana, "hari" inasomwa "bari". Namna ya kuloba kwa kebari, fimbo ndefu na uzi uliofungwa kwenye ncha inaitwa tenkara. Wengi wanasemaka kwamba tenkara maana yake ni "kutoka mbinguni", juu samaki anaona kebari inashuka kutoka juu. Lakini Wajapani wenyewe hawakubaliani juu ya asili ya neno hilo.

Kwa muda murefu kebari za milimani hazikujulikana sana inje ya Japani. Mwaka 2009 muvuvi mumoja mwenye kuheshimiwa sana, Hisao Ishigaki, alionyesha tenkara katika Catskill Fly Fishing Center and Museum, jimbo la New York. Mwaka huohuo kampuni Tenkara USA ilianza kuuza fimbo zake huko Marekani. Toka pale wavuvi wa Marekani na Ulaya walianza kufunga kebari nyumbani, na kiisha kuzibadilishana na wenzao: kila mutu anatuma zake, anapokea za wengine, bila makuta kupita kati.

Kwa nini ni rahisi hivi

Samaki wenye kutafutwa ni iwana, yamame na amago, jamaa za truti. Wanaishi sehemu za juu za vijito, kwenye maji ya baridi na ya kasi, kati ya mawe makubwa. Wavuvi wa kazi walipanda vijito hivyo kwa miguu, waliloba, na kuuza samaki katika vijiji na katika nyumba za wageni za milimani, zile zenye watu wanaenda kuoga maji ya moto ya asili. Fimbo yao ilikuwa mwanzi. Uzi wao ulikuwa nywele za mukia wa farasi, zilizosokotwa nyingi karibu na fimbo na chache kuelekea ndoano, ili mukono ukitupa, nguvu ifike mpaka mwisho. Leo fimbo ni ya kaboni, vipande vyake vinaingiana kama antena ya radio, na ikifunguliwa inafika metre 3,3 mpaka 4,5.

Mutu mwenye kulisha familia yake na samaki hana wakati wa kucheza. Kuchimba chambo kunakula saa, na kila samaki mumoja anaomba chambo kipya. Kebari moja, ikifungwa vizuri, inashika samaki wengi mbele ya kuharibika. Tena maji ya kasi yanamusaidia muvuvi: samaki anaona kitu kinapita, hana nafasi ya kukichunguza. Anakamata ao anakosa. Kwa hiyo kebari ya milimani haitafuti kufanana na mududu fulani. Inatafuta kuonekana hai.

Hapo ndipo Japani ya milimani iliachana na mazoea ya Ulaya. Muvuvi wa Kiingereza wa zamani alibeba sanduku lenye aina nyingi, moja kwa kila mududu na kila musimu, na vitabu vizima viliandikwa juu ya kuchagua. Ishigaki alijulikana kwa kinyume chake: anatumia aina moja tu ya kebari, mwaka muzima. Ni ndoano, uzi mweusi na nyoya la jogoo, hakuna kingine. Kwake kazi iko katika mukono na katika kusoma maji, na kebari ni chombo tu. Si wavuvi wote wa tenkara wanamufuata kwa hilo. Wengi wanabeba tatu ao ine, na mutu akiwaona wanakaa jioni nzima kuchagua rangi ya uzi, atajua kwamba hoja ya kebari moja haikumaliza mabishano.

Isichanganywe na kebari nyingine za Japani, zile za kuloba ayu, samaki wa mito ya chini. Hizo ni kazi ya mafundi wa kuuza. Katika Kanazawa kuna nyumba ya biashara ya Meboso Hachirobei, iliyoanza mwaka 1575 kwa kutengeneza sindano, na baadaye ikajulikana kwa kebari za Kaga, zenye nyuzi laini, manyoya ya rangi na kipande kidogo cha zahabu. Muji wa Nishiwaki, katika jimbo la Hyogo, unajulikana kwa kebari za Banshu. Ni vitu vya ajabu kuangalia kwa karibu, lakini mutu hawezi kuvifunga jioni moja mezani kwake. Kebari ya milimani inaweza, na ni kwa sababu hiyo inafaa kubadilishwa.

Sakasa, ile yenye kutazama mbele

Kebari yenye kujulikana zaidi inaitwa sakasa kebari. "Sakasa" ni kinyume, kitu kilichogeuzwa. Kwenye kebari za kawaida nyuzi za nyoya zinalala kuelekea nyuma, upande wa ncha ya ndoano. Kwenye sakasa zinafunguka mbele, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Muvuvi akivuta fimbo kidogo, maji yanazikunja nyuma. Akilegeza, zinafunguka tena. Kuvuta na kulegeza huko kunaitwa sasoi, yaani kualika. Samaki anaona kitu kinapumua. Tena manyoya hayo yaliyofunguka yanashika maji, na kebari haikimbii haraka na mukondo.

Ndiyo sababu nyoya liwe laini. Zamani watu walipenda lile la feza jike, ndege wa porini wa jamaa ya kuku, ao la kuku wa nyumbani. Nyoya gumu la jogoo linafaa kebari nyingine, hasa zile zenye kukaa juu ya maji. Kwa mwili wa kebari uzi unatosha. Wengine wanazungusha nyoya la tausi, wengine pamba ya zenmai. Hiyo zenmai ni jani la musituni lenye kufanana na ngazi ndogo zilizojikunja, lenye Wajapani wa milimani wanachuma wakati wa majira ya kuchipua ili kula. Likiwa changa linafunikwa na pamba ya rangi ya kahawia. Pamba hiyo haipikwi, inatolewa na kubaki pembeni ya jiko. Muvuvi aliiokota na kuizungusha kwenye ndoano. Vitu vya kebari vilikuwa hivyo: mabaki ya jiko, ya kuku na ya kushona. Hata ndoano zilikuwa sindano za kushonea zilizopashwa moto na kukunjwa. Kwa kuwa hazikuwa na tundu la kupitisha uzi wa kuloba, fundi alifunga kwanza kitanzi kidogo cha hariri kwenye kichwa, na kitanzi hicho ndicho kilikuwa tundu.

Namna ya kufunga sakasa ya leo ni hii. Ndoano iwe namba 12 ya kipimo cha Ulaya, na uzi wa kushonea wa kawaida, mweusi ao wa rangi ya kahawia. Mafundi wengi wanabana ndoano katika etau ndogo ya meza. Wazee wa milimani waliishika na vidole, na hata leo kuna wenye wanaonyesha kwamba etau si lazima. Uzi unaanzia nyuma kidogo ya tundu, unajizungusha juu yake wenyewe mpaka ushike, mwisho wenye kubaki unakatwa. Zungusho chache za kwanza zinafunika chuma kitupu. Zungusho hizo watu wenye haraka wanazirukaga, na kosa lao litaonekana baadaye.

Kiisha inakuja nyoya. Pamba ya chini ya nyoya inang'olewa, na shina lake linafungwa karibu na tundu. Hapa kuna jambo moja lenye kuharibu kebari za watu wanaoanza: nyoya lina pande mbili, mumoja unang'aa na mumoja hauna mwangaza, na nyuzi zake zinajikunja kuelekea ule usiong'aa. Kwa sakasa, upande usiong'aa utazame mbele, kwenye tundu. Ukigeuzwa, nyuzi zitapigana na umbo lenye unataka, na kebari itakuwa sawa na jogoo aliyenyeshewa. Nyoya linazungushwa mara mbili ao tatu, si zaidi. Likiwa nene linazuia maji kuingia, na mapumziko yale ya kufunguka na kujikunja yanapotea. Uzi unafunga ncha ya nyoya, unabaki nyuma yake, na zungusho mbili zinasukuma nyuzi mbele.

Mwili sasa. Uzi unashuka polepole mpaka pale ndoano inaanza kupinda, kiisha unarudi juu yake wenyewe, ukinenepa kidogo karibu na nyoya. Fundo la kumaliza linafungwa hapo, nyuma ya nyoya: vitanzi vitatu ao vine vilivyokazwa kimoja kimoja. Tone la verni, hata ile ya kucha, linafunga yote. Mutu aliyezoea anamaliza kwa dakika chache. Wa kwanza anaweza kukaa nusu saa na kutupa tatu.

Kuna mutihani mudogo wenye mafundi wanafanya na ambao haupaswi kurukwa. Kebari inashikwa kwenye ndoano, na kidole gumba kinasukuma mwili pembeni. Kama mwili unazunguka juu ya chuma, zungusho zile za kwanza hazikuwekwa ao hazikukazwa. Kebari hiyo itavunjika kwa samaki wa kwanza. Mutu akijifungia mwenyewe, hasara ni yake. Akiitupa katika mabadilishano, hasara inaenda kwa mutu mwengine, mbali, ku muto wenye hajawahi kuuona.

Mabadilishano yanaendeshwa namna gani

Mutu mwenye anajua likelemba hatapata shida kuelewa. Kuna mutu mumoja mwenye kupokea na kugawa, na wenzake wanamuamini. Anatangaza aina ya kebari, hesabu ya watu na tarehe ya mwisho. Tuseme watu 10. Kila mumoja anafunga kebari 10 zenye kufanana na kumutumia kwa posta, pamoja na feza ao timbre za kurudisha bahasha. Zote zikifika, yeye anakuwa na kebari 100 mezani. Anazigawa katika vikundi 10, kila kikundi kikiwa na kebari moja ya kila mufungaji, na kuzirudisha. Mutu alituma 10 za namna moja. Anapokea 10 za mikono 10, moja ikiwa yake mwenyewe. Tofauti na likelemba ni kwamba hakuna mwenye kula kwanza. Wote wanapokea siku moja, na kwa hiyo wote wanangojea yule wa mwisho.

Kungojea huko ndiko kunaleta maneno. Kama watu 9 wametuma na wa 10 bado, mugawaji afanye nini? Wengine wanaongeza juma moja. Wengine wanagawa bila yeye, na kila mutu anapata 9, yaani 8 za wenzake na moja yake mwenyewe, na nyingine moja yake inabaki bila kazi. Waliozoea wanashauri mugawaji aseme mbele kabisa atafanya gani, juu kusema baadaye inafanana na kumuhukumu mutu. Wanashauri tena kwamba mutu asijiandikishe na kebari yenye hajawahi kufunga. Kumi za namna moja si sawa na moja. Ya kwanza inatoka nzuri kwa bahati, ya sita mikono imechoka, na ya kumi inaonyesha kama mutu anajua kweli.

Usawa wenyewe ni jambo la ajabu kidogo. Sokoni kebari ya fundi mukubwa na ya mwanafunzi hazina bei moja. Katika mabadilishano zinahesabiwa sawa, moja kwa moja. Mwenye kufunga vizuri anatoa zaidi ya kile anapokea, na anajua hivyo. Kebari ngumu, zenye zahabu na vitu kumi na viwili, zingeleta wivu haraka. Uzi na nyoya vinapunguza pengo: mwanafunzi mwenye uvumilivu anaweza kufunga sakasa yenye samaki hawezi kutofautisha na ya fundi. Ni samaki anahukumu, na yeye haulizi jina.

Ndoano zinasafiri vibaya. Mutu akiziweka wazi katika bahasha, ncha zinatoboa karatasi na kumuchoma mufanyakazi wa posta. Zinachomekwa katika kipande cha povu ya plastiki, ndani ya kisanduku kidogo kigumu. Manyoya ya sakasa hayapendi kubanwa; yakifika yamelala, mvuke wa sufuria ya chai unayainua tena. Na namba ya ndoano iandikwe pamoja na kipimo chake. Katika kipimo cha Ulaya namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo, lakini katika kipimo cha zamani cha Japani ni kinyume, namba ikipanda ndoano inakuwa kubwa. Watu wawili wanaweza kukubaliana juu ya "namba 4" na kila mumoja akawa na kitu kingine kabisa kichwani.

Kuna pia sheria, na si za kuchezea. Manyoya yenye kuvuka mipaka yanaangaliwa. Marekani ina sheria ya mwaka 1918 yenye kulinda ndege wa porini wenye kuhama, na inakataza kuuza ao kubadilishana hata manyoya yao, hata kama mutu aliyaokota chini. Kasuku wa kijivu, mwenye musitu wa Kongo unajulikana kwa ajili yake, aliwekwa mwanzoni mwa 2017 katika orodha ya kwanza ya mapatano ya CITES, na mukia wake mwekundu hauna nafasi katika bahasha ya muvuvi hata kama unavutia macho. Kuku wa nyumbani anatosha. Nchi fulani zinakataa hata manyoya ya kuku kama hayakusafishwa, kwa sababu ya magonjwa ya ndege, na ni vizuri kuuliza mbele ya kutuma.

Karatasi yenye kufuata ndoano

Katika kila bonde la milima ya Japani watu walikuwa na kebari yao. Akiyamago, bonde la kati ya Niigata na Nagano, lilikuwa na yake. Mabonde mengine yalikuwa na uzi mwingine, nyoya lingine, namna nyingine ya kugeuza. Wenye kuzitumia ndio walizifunga. Hawakuandika. Baba alimuonyesha mutoto, ao hakumuonyesha mutu, juu kebari nzuri ni siri ya kazi sawa vile mahali pazuri pa kutupa nyavu. Kazi ya kuuza samaki wa vijito ilipopungua katika karne ya 20, watoto walienda kufanya kazi nyingine, na siri zingine zilizikwa na wenyewe. Zile zilizobaki ni zile zenye mutu fulani alipatia mutu mwengine.

Kwa hiyo katika mabadilishano kuna kitu kidogo chenye mugawaji mukali hakubali kikose: kipande cha karatasi, chembamba kama utambi, kilichotobolewa na kuvalishwa kwenye ndoano. Juu yake kuna jina la mufungaji, jina la kebari, namba ya ndoano, aina ya uzi na ya nyoya, na kama kebari ina bonde lake, jina la bonde. Mutu anaweza kufungua kebari yenye haijui, uzi kwa uzi, na kuona namna ilifungwa. Hawezi kufungua na kuona ilitoka wapi. Kebari ikifika bila karatasi, kuna wagawaji wenye wanamurudishia mwenyewe zote 10 na kumuomba aandike. Wengine wanakata karatasi wao wenyewe, wanaandika jina la mutu peke yake, na pale pa jina la bonde wanaacha wazi.